Uyoga wa Kichuguu ni wa Nani?

BWANA MISITU: Hoja yangu ni fupi, ila ina matawi. Uyoga wa porini usiendelee kuwa wa yeyote mwenye kikapu. Zamani ulikuwa mboga ya nyumba: mama anatoka alfajiri baada ya mvua, anarudi na wa kutosha chungu kimoja, unaobaki anauanika juu ya ungo. Ardhi haikuhitaji mlinzi, kwa kuwa tumbo lenyewe lilikuwa kipimo. Siku hizi kipimo ni soko. Mwanza ni jiji, Buhongwa na Igoma zinapanuka kila mwaka, na uyoga uliochumwa Misungwi kukipambazuka unaweza kufika sokoni kwa bodaboda kabla chai haijapoa. Kitu kinachouzwa kwa fungu hakijui kutosha. Mchumaji wa soko anarudi kwenye kichuguu kile kile mara mbili kwa siku, anang'oa hata vichanga ambavyo havijafungua mwavuli, na mguu wa uyoga unapozama ardhini anaufuata kwa jembe, maana mguu nao unaongeza uzito. Ndiyo maana nasema kila kijiji kitunge sheria ndogo: nani achume, wapi, kwa kiasi gani, na nini kiachwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya wote. Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inakipa kijiji nafasi ya kutenga msitu wake na kuuwekea taratibu. Zana zipo. Tunachokosa ni kukubali kwamba uyoga nao ni mali ya kijiji, si mvua inayomnyeshea kila apitaye.

MCHUMAJI: Umeanza na kikapu, bwana misitu, kwa sababu kikapu kinaonekana. Kinabebwa kichwani barabarani, mchana kweupe, na mwanamke asiye na wa kumtetea. Uyoga tunaouona juu ya ardhi ni tunda. Mwili wake uko chini: ni utando wa nyuzi nyembamba kama uzi wa buibui, uliosambaa ndani ya udongo, kwenye mizizi ya miti kama mtundu na myombo, au ndani ya masega ya mchwa. Kuchuma uyoga ni kama kuchuma embe, mwembe haufi. Na hili limepimwa. Huko Uswisi wataalamu waligawa msitu vipande, vingine vikachumwa kila msimu, vingine vikaachwa, wakahesabu kwa miaka 29 hadi 2003. Simon Egli na wenzake walipochapisha matokeo mwaka 2006, vipande vilivyochumwa havikuwa vimepungukiwa uyoga wala aina zake kuliko vilivyoachwa, na haikuleta tofauti kama mtu alikata kwa kisu au aling'oa kwa mkono. Kwa hiyo mtu akisema uyoga unapungua Usukumani, asinitazame mimi kwanza. Atazame tanuri la mkaa. Mtundu ukikatwa, nyuzi zilizokuwa zikiishi kwenye mizizi yake zinakosa chakula, kwa sababu mti ndio ulikuwa ukizipa sukari na zenyewe zikiupa mti maji na madini. Mti mmoja wa mkaa unamaliza uyoga ambao vikapu vya miaka havikuumaliza. Sasa nieleze: sheria yako ndogo inaanza na nani?

(Hapa mwandishi aombe radhi kuingilia kati. Kwa uyoga wa porini Kiswahili hakipendi kusema tunavuna. Kinasema tunachuma, kama tunda au mboga ya majani, kitu kinachotoka bila kuua shina. Lakini neno hilo hilo ndilo la kuchuma mali. Mama ameshika maana ya kwanza, bwana misitu ameshika ya pili, na lugha imewaacha wagombane.)

BWANA MISITU: Uswisi si Usukuma, mama. Na utafiti uliousifu una mkia ulioukata. Wataalamu wale wale waliona kwamba pale ardhi ilipokanyagwa mara kwa mara uyoga ulipungua, ingawa nyuzi za chini hazikuonekana kufa. Mguu wa mchumaji ulileta tofauti ambayo mkono wake haukuileta. Kubwa zaidi, msitu ule hauna vichuguu, na uyoga unaopendwa kuliko wote kwetu ni wa kichuguu. Huu una maisha ya pekee. Mchwa hawali kuni na majani makavu moja kwa moja. Wanayatafuna, wanayajengea masega chini ya ardhi, na uyoga unaota humo ukiyalainisha hadi yawe chakula. Ni shamba lao. Sasa fikiria kichuguu kipya kinavyoanza. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi wanaruka, wanapukutisha mbawa, dume na jike wanajichimbia shimo. Kwa jamii nyingi za mchwa hawa, wawili hao hawabebi mbegu ya uyoga kutoka nyumbani. Watoto wao wa kwanza ndio wanaotoka nje kuitafuta, na wanaikuta kwenye vumbi laini, spora, lililodondoka kutoka chini ya miavuli ya uyoga iliyofunguka kwenye vichuguu vya jirani. Uyoga wote ukichumwa ukiwa bado kichanga, vumbi halianguki. Kichuguu cha zamani kitaendelea kuzaa, sikatai, na wewe utasema hakuna kilichoharibika. Kinachokosa ni cha kesho. Mwembe haufi kwa kuchumwa, kweli. Lakini tukila kila embe pamoja na kokwa yake, mwembe wa mjukuu unatoka wapi?

MWENYE SHAMBA: Samahani, nyote wawili. Mnagawana kitu kilichosimama katikati ya mahindi yangu. Kichuguu hicho sikukiomba. Mchwa wake wanakata mashina ya mahindi mvua ikichelewa, wanakula nguzo za ghala, wanapanda hadi kwenye kenchi za nyumba. Mkulima mwingine angekimwagia dawa siku ile ile. Isitoshe, kina faida nyingine ambayo hamkuitaja, labda kwa sababu haina utamu. Udongo wa kichuguu umechambuliwa na mchwa punje kwa punje kutoka chini; unashikana, unatoa tofali zuri la kuchoma. Kijana anayetaka kujenga haendi kununua mfuko wa saruji wakati kilima cha mfinyanzi kimesimama shambani kwa baba yake. Halafu kuna udongo wenye rutuba. Wapo wanaoubomoa na kuutandaza shambani badala ya mbolea ya dukani. Sasa nilinganishieni: nyumba ya matofali, au mboga ya wiki mbili anayochuma mtu mwingine? Tena mchumaji huyo anapita juu ya mahindi yenye majani manne, mwezi wa Desemba, na kundi la watoto nyuma yake. Bwana misitu anamtungia sheria ili aache uyoga wa vumbi. Mimi namwambia asiingie kabisa.

MCHUMAJI: Mzee, nianze na mahindi, maana hapo una haki yako. Anayeingia shambani kwa mtu bila hodi hachumi, anaiba njia. Heshima ya shamba ni kupiga hodi nyumbani kwanza, kupita mpakani au katikati ya matuta, na kumwachia mwenyeji fungu lake. Hili halihitaji halmashauri ya wilaya, ni malezi. Lakini kuhusu mchwa, tuseme ukweli wote. Mchwa wa kichuguu chakula chake ni kilichokufa: mabua, majani makavu, samadi, vipande vya kuni. Anageukia shina bichi zaidi pale ambapo hakuna kingine, na shamba la Usukumani baada ya mavuno linafagiliwa. Ng'ombe wanamaliza mabua, yanayobaki yanachomwa moto, na jua la Septemba linakuta udongo mtupu kama ua wa kufagia. Mchwa afanye nini? Dawa itamuua, na pamoja naye itaua kile ulichokisifu mwenyewe, yaani udongo unaochambuliwa punje kwa punje na kurutubishwa. Unataka mbolea ya kichuguu bila kumtaka fundi wake. Na tofali nalikubali, watu lazima wajenge; ila kuna kichuguu kilichokufa na kuna kinachoishi, na mtu yeyote aliyekulia kijijini anaweza kuvitofautisha kwa kuvunja kipande kidogo na kusubiri: kinachoishi kinazibwa upesi kwa udongo mbichi. Kwa nini tanuri lianzie kwenye kinachoishi?

BWANA MISITU: Tunakaribia kuelewana, kwa hiyo nisogee mbele. Mama anasema malezi yanatosha. Historia ya ukanda huu inasema hayatoshi. Kuanzia miaka ya 1920, chini ya utawala wa Waingereza, Shinyanga na sehemu kubwa ya Usukuma zilifyekwa miti kwa makusudi ili kumfukuza nzi wa ndorobo. Watu kwa maelfu walitolewa na watemi wao kufyeka. Ng'ombe wakaongezeka, pamba ikafuata, na miti iliyobaki ikaenda kwenye moto wa jikoni. Wazazi waliokuwa na malezi mazuri kabisa walijikuta kwenye nchi isiyo na kivuli. Iliyoirudisha miti ni taratibu yenye meno. Wasukuma walikuwa na ngitili, eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza ili majani na machipukizi yakue, kisha linafunguliwa kiangazi ng'ombe wakiwa na njaa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 ulifanya jambo la busara: haukuleta msitu wa kigeni, uliifufua ngitili. Visiki vilivyolala vikachipua. Hadi mradi ulipokwisha mwaka 2004, ngitili za familia na za vijiji zilikuwa zimeenea kwa mamia ya maelfu ya hekta, na pamoja na malisho zikarudi kuni, dawa, asali, matunda, na uyoga. Aliyeingiza ng'ombe wakati imefungwa hakupewa hotuba. Aliitwa kwenye dagashida, baraza la jadi, akatozwa. Kama tuliweza kufunga ngitili kwa ng'ombe, ambao Msukuma anawapenda kuliko fedha, tunashindwaje kuifunga kwa kikapu?

MCHUMAJI: Kwa sababu umesahau kalenda. Ngitili inafungwa mvua zikianza, na uyoga unaota mvua zikianza. Ukifunga kwa ng'ombe, umefunga wakati kiangazi kimekwisha; mfugaji ana malisho mapya kwingine. Ukifunga kwa kikapu, umefunga mwezi uyoga ulipo, na mwezi huo si wa kawaida. Ni ule ambao mahindi ya mwaka jana yamefika sakafuni mwa ghala na ya mwaka huu bado yana majani manne, kama alivyosema mzee. Dagaa wapo, samaki wapo, ila vyote vina bei, na aliye mbali na mwalo anavinunua kwa fedha asiyokuwa nayo. Uyoga ndio kitoweo kinachokuja mlangoni wakati huo. Kwa hiyo ngitili inakushuhudia nusu tu. Inaonyesha kwamba kijiji kinaweza kujitungia sheria na kuitii. Lakini ilitiiwa kwa sababu moja unayoiruka: aliyefungiwa ndiye aliyefaidika. Mwenye ng'ombe alijinyima Januari ili ng'ombe wake wale Agosti. Mchumaji anayeambiwa "acha uyoga huu utoe vumbi" anamwachia nani? Kichuguu kitakachoanzishwa na vumbi hilo kitaota shambani kwa mtu, na mtu huyo atakigeuza matofali. Nani aliyewahi kujinyima kwa ajili ya tanuri la mwenzake? Na jambo jingine, nalisema kwa heshima: kwenye baraza sauti zilizozoeleka kusikika ni za wanaume, na uyoga ni kazi ya wanawake na watoto. Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland walipoandika pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kitabu chao cha uyoga wa Tanzania, kilichotoka mwaka 2003, majina na matumizi ya uyoga waliyapata kwa kuwauliza wanavijiji, waliokuwa wakiuchuma na kuupika. Elimu hiyo ilifaa kitabu. Je, haifai kikao?

BWANA MISITU: Inafaa, na hapo hapo nakuuliza juu ya elimu hiyo. Ilijengwa mahali fulani, kwa uyoga fulani. Anayejua uyoga wa kichuguu anaujua kwa mguu wake mrefu unaozama hadi kwenye masega, na kwa huo hana wasiwasi. Katika jamii yote ya uyoga wa mchwa haujulikani wenye sumu. Lakini nchi yetu haina kichuguu na mtundu peke yake. Tumepanda misonobari. Serikali ina mashamba ya miti Rubya huko Ukerewe na Buhindi huko Buchosa, na misonobari ilipoletwa Afrika ilikuja na uyoga wake mizizini, mwingine wa sumu, kama ule mwekundu wenye madoa meupe. Bibi hakuwahi kuuona, hivyo hakuwa na jina la kumpa mjukuu. Hata kwenye majani ya kawaida uani huota uyoga mweupe, mpana, wa kupendeza, ambao vibapa vyake chini ya mwavuli hugeuka kijani ukikomaa. Ukiliwa unatapisha mtu hadi alazwe. Na watu wamebaki na vipimo vya kujifariji: ukiliwa na wadudu ni salama, ukipikwa na kitunguu kisigeuke rangi ni salama, ukichemshwa sana sumu inatoka. Vyote si kweli. Sumu kali ya jamii ya amanita haiondoki kwa moto. Na ina hila: mtu anakula usiku, saa sita au kumi na mbili zinapita kimya, anaanza kuharisha na kutapika, kisha anapata nafuu, familia inashukuru, na siku ya tatu au ya nne ini linakufa. Wazee walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mnunuzi wa mjini hata si wa kwako. Ananunua fungu lililochanganywa, mguu umekatwa, hana cha kuutambulia. Hapo utaniambia sheria isianze na mchumaji?

MCHUMAJI: Hapo ianze na mimi, sina ubishi. Auzaye auze uyoga wenye mguu wake, asichanganye aina, asiuze asioujua, na hata anaoujua akiona shaka auache. Chini ya misonobari asichume. Sheria hiyo iandikwe hata leo, naiunga mkono kwa mikono miwili, kwa sababu inalinda uhai na inamlinda mchumaji mwenye ujuzi dhidi ya mwenye tamaa. Lakini ngoja nikupeleke Geita, maana umeanza habari ya sumu na hukuimaliza. Uyoga una tabia ya kunyonya madini kutoka kwenye udongo, mazuri na mabaya, na zebaki ni mojawapo. Wachimbaji wadogo wanakamatia dhahabu kwa zebaki, wanaichoma hewani, na marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, yanalundikwa kando ya vijito. Uyoga ulioota karibu na lundo la marudio unaweza kuwa wa aina ile ile bibi aliyoijua, mguu ule ule, harufu ile ile, na ujuzi wote wa kutambua usisaidie kitu. Unamwambia mchumaji asichume hapo, sawa, hatachuma. Hiyo ni sehemu nyingine iliyotolewa kwenye ramani yake. Misonobari imechukua sehemu, mkaa umechukua sehemu, marudio yamechukua sehemu, dawa ya mchwa na ile ya kupulizia pamba zimechukua sehemu, na hifadhi za taifa kama Rubondo na Saanane, ambako huruhusiwi kuchuma, zina mipaka yake, naiheshimu. Kinachobaki ndicho unachotaka kukiwekea sheria ya kikapu. Uyoga ni kama kipimo cha ardhi, bwana misitu. Ukipungua, au ukiwa na sumu, unakuambia kilichotendwa na wengine. Wewe unamkamata aliyekuja kusoma kipimo.

MWENYE SHAMBA: Kuna njia ya tatu na sijui kwa nini mnaikwepa. Uyoga unalimwa. Uyoga mamama unaota kwenye majani ya mpunga, kwenye taka za pamba, hata kwenye magugu maji yaliyoziba mialo yetu miaka ya 1990. Profesa Keto Mshigeni alitumia miaka mingi kuwahubiria Waafrika kwamba mabaki ya mashambani ni chakula kinachosubiri mbegu ya uyoga. Majani ya mpunga tunayo tele, taka za pamba zipo kwenye vinu. Wanawake wapewe banda lenye giza, mifuko na mbegu, walime mboga yao nyumbani. Jiji litakula, mahindi yangu hayatakanyagwa, vumbi la bwana misitu litaanguka kwa amani. Ugomvi umekwisha.

MCHUMAJI: Haujaisha, mzee, ingawa banda nalikubali, atakayeweza alime. Mamama ni uyoga mzuri. Lakini mbegu yake inanunuliwa, na majani yanachemshwa kwa kuni, kuni zinazotoka kwenye mti ule ule tunaoulilia. Aliye na mtaji wa banda si yule ambaye ghala lake limefika sakafuni Desemba. Na uyoga wa kichuguu haulimwi. Binadamu hajafanikiwa kuulima kwa biashara, kwa kuwa hajaweza kumwiga mchwa. Ukisema jiji lile mamama na wa kichuguu uachwe, umesema kichuguu kisiwe na kazi tena kwa mtu yeyote isipokuwa mfyatua tofali. Leo, ukitaka kukibomoa, kuna mwanamke atakayesema "mzee, hicho ni cha uyoga." Hana hati, hana nguvu, ila anasema. Siku atakapoacha kuja, nani atasema?

BWANA MISITU: Hilo limenigusa, nami sitalipinga kwa ajili ya kupinga. Lakini nami nina kazi ya kuandika kifungu kinachosomeka, si malalamiko. Tuseme hivi. Kila kichuguu, kwa msimu, theluthi ya uyoga iachwe ifunguke na kukauka pale pale. Jembe lisitumike, kinachotoka kwa mkono ndicho chako. Anayechuma ili auze ajiandikishe kwa mtendaji wa kijiji bila kulipa, tumjue. Hodi kwa mwenye shamba. Na mbele ya hayo yote, kwa kuwa mama amelishikilia, kifungu cha kwanza: kichuguu kinachoishi kisibomolewe kwa ajili ya tofali wala kumwagiwa dawa bila halmashauri ya kijiji kukiangalia. Mkutano mkuu ukipitisha, tunapeleka wilayani ikubaliwe.

MCHUMAJI: Theluthi sijui utaipimaje, uyoga hauji kwa mstari. Sema unaoukuta umeshafunguka wote, usiuchume. Huo hata soko halitaki, unavunjika njiani, na ndio wenye vumbi. Kila mtoto ataielewa sheria hiyo bila kuhesabu. Mengine nayakubali, ila kifungu cha kwanza kikiondolewa mkutanoni, nami nitasimama kupinga vilivyobaki, kimoja baada ya kingine.

MWENYE SHAMBA: Kwa hiyo mimi ndiye kifungu cha kwanza. Nimekuja nikilalamikia mahindi, naondoka nikiwa mshitakiwa. Haya. Kwangu kuna vichuguu vitatu na kijana anataka kuoa mwakani, nyumba hana. Andikeni basi na hili: atakayekuja kuniambia kipi kinaishi na kipi kimekufa ni nani? Na atakuja lini, kabla ya mvua, au baada ya tanuri kuwaka?

MCHUMAJI: Nitakuja mimi, mzee, kabla ya mvua. Nitapiga hodi kwanza.